Simulizi Zangu na Presha za Wagonjwa Wako

Kwa Mganga Mfawidhi wa zahanati yetu,

Salamu kwako na kwa wote wanaokuogopa. Mimi ni Mjomba Redio, yule wa benchi la kusubiria, ambaye simulizi zake hushusha presha za wagonjwa. Shule niliiacha mapema, lakini macho hayahitaji cheti.

Namlalamikia muuguzi wako, ambaye ndiyo hivyo tena, ni mpwa wangu. Aliwapima wagonjwa presha kabla sijasimulia nilivyosimamisha treni kwa kofia, akawapima tena baada ya kusimulia. Kwa majibu yake umeamuru nihame benchi. Haya ndiyo yanayonikera:

1. Amemlinganisha fundi viatu na fundi viatu, mlinzi na mlinzi. Mtu na nafsi yake! Nilimshauri kiutu uzima amchukue mlinzi wa kabla, aliyekuja amefura kama chura, amlinganishe na yule bibi wa baada, aliyekuwa anasinzia. Ushindi hata kipofu angeuona. Akanijibu eti, Mjomba, bibi huyo presha yake ndogo alitoka nayo kwake. Mtoto niliyembeba mgongoni!

2. Kwa kila mtu alitoa kipimo cha baada kwenye cha kabla, akatafuta wastani wa tofauti hizo. Kisha akasema presha imeshuka kidogo mno, kwamba huyumba kiasi hicho hata mtu akikaa kimya, kwa hiyo huenda ni bahati tu. Bahati! Na treni nayo ilisimama kwa bahati?

3. Waliokimbia katikati ya simulizi amewaacha nje, eti hawana kipimo cha baada. Mtu ameingia akichechemea, ametoka mbio. Kama huko siyo kupona, ni nini?

4. Muuza mkaa presha yake ilipanda. Huyo ana roho mbaya tangu zamani, asihesabiwe.

Naomba unirudishie benchi, na muuguzi apelekwe kwenye chanjo. Nikilikosa nitasimulia wapi? Nyumbani wamezikariri zote, na mke wangu hunimalizia kabla sijafika kwenye kofia.

Nisalimie mfagizi, mtoa dawa na wagonjwa wote, hasa waliobaki hadi mwisho.

Wako mwenye afya tele,
Mjomba Redio

N.B. Mpwa wangu amenipima kabla sijaandika barua hii, na sasa hivi tena. Imepanda vibaya. Mkono uleule, mashine ileile, mtu ni mimi yuleyule: unataka ushahidi gani zaidi kwamba kunyimwa benchi kunaniua? Na tafadhali, usinilinganishe na mtu mwingine.