Kuonja Pombe ya Posa na Vidonge vya Mapunye

Leo sina uso. Wenzangu wa bweni la sekondari, someni hii mkiwa mmekaa, na msiwasomee waume zenu.

Hamjui kichwa changu kimekuwaje, maana nimekificha tangu masika. Binti yangu Kresensia alileta mapunye kutoka huko anakochezea, na mimi kwa mapenzi ya mama nikawa namchana kwa kitana changu. (Sekondari nimesoma. Akili ya kununua kitana cha pili sikuwa nayo.) Yeye alinyolewa, akapakwa dawa, akapona. Mimi dawa ya kupaka ilishindwa, nywele zikanyonyoka viraka viraka. Nikawa nafunga kilemba hata jikoni, nawadanganya watu kwamba ndiyo mtindo wa Morogoro mjini.

Mwishowe Sista wa hospitali ya misheni akanipa vidonge vipya vya kumeza. Aliniuliza kwanza kama nina mimba. Sina. Akasema nimeze pamoja na chakula chenye mafuta, nijikinge na jua kali, nisiache dawa hata nywele zikianza kuota. Na pombe nisiguse.

"Hata tone, Mama Kresensia."

"Mimi, Sista? Mimi si mnywaji!" Nikatoka na shingo ndefu kama ya yangeyange.

Mafuta nimekula kweli. Mama mkwe akawa ananung'unika: "Dawa gani hii inataka kuku? Unaumwa wewe au inaumwa njaa hiyo dawa?"

Sasa leo. Wageni wametoka kijiji cha Kisawasawa kuja kumposea kijana wao wifi yangu Felista. Anampenda huyo kijana mpaka chumvi anaitia mara mbili kwenye mboga. Kilichobaki ni wazee kukaa, kunywa na kukubaliana. Na mnajua kwetu: pombe haimfikii mgeni kabla ya mwenyeji kuionja mbele yake, aone haina sumu. Na kwenye nyumba hii mwonjaji ni mke wa mwana. Yaani mimi.

"Mama," nikamwambia mama mkwe jikoni, "mimi nimekatazwa pombe. Aonje Felista."

"Bibi harusi aonje pombe ya posa yake? Umesoma mpaka umepotea?"

"Basi wewe, Mama."

"Mimi sitoki humu mpaka niitwe. Na wewe, ole wako uwaambie wageni habari za vidonge! Watasema tunawapa binti kutoka nyumba ya mapunye."

"Sista alisema hata tone!"

"Alisema kunywa. Wewe unaonja. Kuonja si kunywa."

(Na mimi, msomi mzima, nikaona ana hoja.)

Nikatoka na mtungi wa pombe ya kangara. Nikapiga magoti. "Shikamooni." Wakaitikia vizuri. Nikachota kata ya kwanza, nikaonja, nikampa mshenga. Nikaonja ya baba mdogo wa kijana. Nikaonja ya shangazi yake, mama mnene mwenye kilemba kizuri kuliko changu. Na huonji kwa ncha ya ulimi, lazima koo lionekane likimeza. Nikaendelea mpaka wote wakawa na kata mkononi.

Kumbe moto ulikuwa unapanda. Ulianzia shingoni. Uso ukawaka kama nimeinamia chungu cha ubwabwa. Moyo ukaanza kutwanga, puu, puu, puu, nikadhani hata wao wanausikia. Jasho. Nikajaribu kusimama, nyumba ikazunguka.

Halafu nikatapika. Pale pale. Karibu na viatu vya mshenga.

Jamani! Mwonjaji ameonja, mwonjaji ameanguka! Mshenga aliitupa kata yake kama ameshika nyoka. Baba mdogo akasimama.

"Mmetuletea nini humu? Mmetuita tuje kufa?"

Mume wangu Anselmi, badala ya kunitetea, akawahi kuushika mtungi usimwagike. (Huyo tutaonana baadaye.) Mgeni mmoja ameshachukua baiskeli. Ndani namsikia Felista analia kama msiba umeingia. Nikaona posa ya mtoto wa watu inaondoka kwa sababu yangu.

Nikakivuta kilemba, nikakitupa chini.

"Si sumu!" nikapiga kelele. "Ni mapunye!"

Macho yote juu ya kichwa changu. Viraka vyote hadharani, mchana kweupe.

"Nameza vidonge vya mapunye! Havipatani na pombe! Nimekatazwa, nimekunywa! Pombe haina kosa!"

Mama mkwe alichomoka jikoni bila kuitwa, akachota kata iliyojaa, akaimaliza mbele yao bila kupumua. Akaongeza nyingine. (Ya pili haikuwa ya lazima.)

Shangazi wa kijana ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Keti, Baba Mdogo," akasema. "Nyumba inayotangaza mapunye yake kwa sauti hii itaweza kuficha sumu?"

Wakaketi. Wakanywa. Felista ameposwa!

Wakati wa kuondoka shangazi akaninong'oneza, huku anajikuna chini ya kile kilemba kizuri. "Mwanangu, nigawie vidonge viwili vitatu."

"Hapana, Shangazi. Nenda kwa Sista akakupime mwenyewe. Ila ataanza kwa kukuuliza kama una mimba."

"Nitafurahi akiuliza!"

Jioni Anselmi alinipeleka hospitali kwa baiskeli, anacheka njia nzima, nami nampiga mgongo njia nzima. Sista akanishika mkono, akausikiliza moyo, akaniambia nipumzike, moyo umeshaanza kutulia.

"Nilikwambiaje?"

"Nilionja tu, Sista."

"Tumbo lako halijui habari za kuonja."

Sasa nimelala, mama mkwe anaimba jikoni, na ameniletea supu ya kuku yenye mafuta juu bila kunung'unika. Siku ya harusi ataonja Anselmi, nimeshasema.

Msinicheke. Na wewe uliyekuja kwangu Pasaka ukaazima kitana, wewe hasa usicheke. Vua kilemba kwanza ujitazame.