Ombi la Wamama Kuishi Angalau Hadi Katikati ya Muvi

Joan Wachuka (Mama Natalie),
Ploti ya Mzee Hiram, nyumba inayoshikana na ukuta wako,
Mai Mahiu.

Kwa DJ Kipngetich,
Mtafsiri wa Muvi na Mwenye Maikrofoni,
Kibanda cha Video, upande ule mwingine wa mabati.

Ndugu DJ,

KUH: MAUAJI YA WAMAMA KABLA CHAI HAIJACHEMKA

Natumai barua hii imekupata ukiwa mzima na koo halijakauka. Kuhusu koo sina wasiwasi sana, maana ukuta wako ndio ukuta wangu, na kila jioni nakusikia vizuri kuliko ninavyomsikia mume wangu Kamande, ambaye wakati huo yuko kwako, benchi ya mbele.

Mimi sijawahi kuingia ndani. Kitinda mimba wangu Gedion ananyonya na haniruhusu. Lakini muvi zako nazitazama zote kwa masikio, na pia kwa tundu la msumari lililo juu ya stovu yangu, linaloonyesha kona ya chini ya skrini. Nikipika naona viatu. Kwa hivyo haya ni maoni ya mtu anayezijua muvi kuanzia chini, na naomba usiyadharau.

Ile ya Wachina wa mlimani niliipenda. Wanaruka vizuri, na miguu yao ni misafi kwa watu wanaoishi msituni. Ile ya mapacha wa Kihindi waliopotezana imezidi. Wangeulizana tu jina la baba, mambo yangeisha kabla ya wimbo wa kwanza. Ile ya polisi na gari linaloanguka darajani siipi hata maksi moja, kwa sababu iliniamshia mtoto. Lakini zote tatu zina kasoro moja, na ndiyo imenifanya nishike kalamu.

1. Wamama wanakufa mapema mno. Naweka maziwa kwa moto ukianza kusema, "Karibuni Olkaria wadau, mnaona moshi unatoka kwa ardhi, msiniulize maswali!" Kabla maziwa hayajapanda nasikia, "Wueh! Mathe ameenda!" Na vijana wako wanapiga mabati kwa furaha. Mwezi huu wote ni mama mmoja tu aliyefika katikati ya muvi, na huyo kumbe ndiye alikuwa mwizi.

2. Wanakufa kwa ujinga ambao mama hana. Mtu anasikia kelele nje, anafungua mlango, anatoka na leso peke yake akiuliza, "Ni nani?" DJ, nani alikulea wewe? Huku kwetu mbwa akibweka nahesabu watoto kwanza, namfinya Kamande, halafu wote wawili tunanyamaza kabisa. Mama wa kufungua mlango hivyo hajazaliwa Mai Mahiu, na sidhani kama amezaliwa Uchina.

3. Hawazikwi. Hili linaniuma. Mama ametoka tu kufa, staringi anapiga magoti, anaangalia mbinguni, anapiga nduru moja, halafu huyo amepanda mlima kujifunza kupigana. Kamati ya mazishi iko wapi? Nani anakaa na sufuria? Wajomba wamepigiwa simu? Na wale wadogo wake wawili wanaolia pale kando, amewaachia nani? Hakuna tenti, hakuna chai ya waombolezaji, hakuna hata karatasi moja yenye picha ya marehemu akiwa kijana. Naomba kuanzia sasa, mama akifa, usimamishe muvi, watazamaji wasimame, mtu aongoze wimbo mmoja. Chai niko tayari kuileta mwenyewe, mradi unipe watu wa kubeba vikombe.

4. Watoto wa muvi. Wiki iliyopita staringi alimweka mtoto mchanga ndani ya begi, akapigana na wanaume kumi, akavuka mto, akalala kwa pango, na huyo mtoto hakulia. Nilimwangalia Gedion, naye akaniangalia. Hatujui huyo mtoto alikuwa anakunywa nini, lakini tunauliza kama kinapatikana Nakuru.

5. Natalie. Hapa ndipo nakuomba usicheke.

Msichana wangu Natalie ana miaka mitano. Tundu la msumari halifikii. Ana masikio tu, na anakuamini kuliko mwalimu wake. Jioni moja ulisema, na sauti ukaishusha chini ukijua unachofanya, "Mathe anatoka asubuhi kuenda job. Maskini, hajui harudi." Tangu hapo Natalie haniachi nitoke. Asubuhi ananishika sketi kwa mikono yote miwili na kujikunja sakafuni, nami namburuta hadi mlangoni kama gunia la viazi. Hata choo cha ploti tunaenda wawili, naye anasimama nje akiuliza, "Mum, bado uko?" Najibu niko. Halafu tena, "Na sasa?"

Kamande alijaribu kumweleza kuwa muvi ni mchezo, hakuna mtu anayekufa. Mtoto akamuuliza, "Basi mbona huyo mathe wa jana hajarudi leo?" Kamande akaenda kuangalia kama mlango wa nyuma umefungwa. Nyumba yetu haina mlango wa nyuma.

Ninapika chapati kwa hoteli ya Mama Wangare, pale malori yanaposimama yakishuka ule mteremko wa escarpment. Madereva hufika na njaa ya kutoka mbali. Mama Wangare ni mtu mzuri, lakini ameshaniambia, "Joan, mtoto wako nampenda, lakini dereva hashibi kwa pole. Ukichelewa tena, namchukua Nerima." Nerima ni rafiki yangu na simsemi vibaya. Chapati zake nazo sizisemi, waulize madereva waliowahi kuzikunja. Kwa hivyo ona mahali umetufikisha. Umeua mama kwa skrini, na anayeelekea kufutwa kazi ni mama wa nyumba ya pili.

Najua utajitetea kwamba wewe unatafsiri tu. Hapo ndipo nimekushika. Kamande mwenyewe ameniambia Kichina hukijui. Anasema yule mzee mwenye ndevu alikohoa tu, wewe ukasema ameacha wosia wa ng'ombe saba na shamba Njoro. Sasa, mtu anayeweza kugeuza kikohozi kuwa ng'ombe saba anashindwa nini kumwambia mama mmoja aamke? Picha ni za wenyewe, sawa. Lakini maneno ni yako, na kwa upande huu wa mabati maneno ndiyo muvi. Kwa hivyo hao wamama unawaua wewe.

Naomba yafuatayo. Wamama waishi hadi katikati, na wakishindwa kabisa, wafe kwa uzee wakiwa na wajukuu. Kama ni lazima mtu afe mapema ndio staringi akasirike, tumia wajomba, wako wengi na wengine hawana kazi. Na kama hata mjomba hapatikani, staringi aibiwe pikipiki. Nimeona wanaume hapa stendi wakiibiwa pikipiki, na hasira yao inatosha muvi mbili.

Usipofanya hivyo, nitaanza na mimi kutafsiri kutoka upande huu. Nina sufuria, nina mwiko, na nina Gedion, ambaye sauti yake haihitaji maikrofoni.

Nisalimie vijana wote wa benchi za nyuma, hasa yule anayecheka mahali pasipo na kichekesho. Nisalimie Kihara wa jenereta, umwambie moshi wake unaingia kwa unga wangu. Na zaidi nisalimie mama yako, Mama Cheruto. Nimesikia yuko hai na ana afya, na ninashangaa umewezaje kuwa mtu mkubwa bila yeye kufa.

Nimeandika kwa heshima, na mtoto mgongoni,

Joan Wachuka,
Mama wa watoto wawili, bado yuko.

N.B. Kamande aliisoma barua hii juzi nikichuja chai, akakimbia kukuambia kabla sijapata bahasha. Ndiyo maana jana, kwa ile muvi ya wanajeshi, mama alipoanguka nilisikia ukipaza sauti, "Ngojeni! Ngojeni wadau! Mathe hajafa, alikuwa anawapima akili! Ameamka! Ameshika mwiko!" Kibanda kilitaka kupasuka. Natalie aliruka juu ya kitanda mpaka mbao moja ikavunjika. Leo asubuhi ameiachilia sketi mwenyewe, akaniletea mwiko wa ugali, akasema, "Wakikuja, gonga," halafu akaenda kucheza. Nimefika kwa Mama Wangare kabla ya lori la kwanza. Mungu akubariki, DJ.

Lakini sasa kuna shida. Huyo mama ulimfufua, na kwa picha hakuonekana tena, kwa hivyo ilibidi utuambie yuko wapi. Staringi akipigana kwa daraja, wewe ukasema, "Mathe yuko jikoni anapikia jeshi." Wakilala kwa mahema, "Mathe anawafulia mashati." Helikopta ikaanguka, "Mathe anaosha vyombo." Mpaka mwisho, staringi ameoa, watu wanacheza, "Na mathe ameshika mtoto wa wageni, ndio wacheze." Nilikuwa nimesimama hapa kwa stovu tangu ianze, na wallahi nilichoka kwa niaba yake. Nikawakumbuka wale wamama wa muvi zilizopita. Wanalala chini mapema, mtu anawafunika shuka vizuri, na muvi nzima hakuna anayewaita.

Kesho Natalie anaenda kwa nyanya yake Naivasha, hatasikia. Tafadhali, huyo mama wa kesho muue. Muue kabla maziwa hayajapanda, na mtu yeyote asimwamshe.