Karte ya Muzee Harelimana ndani ya Mashini ya Kambere

Wewe unayesoma, umekwisha kuona mashini inashiba mpaka inakataa kula? Mimi niliona, hapa kwangu mtaa wa Katoyi, pembeni ya mbabula, jiko langu la makaa la kuchemshia chai.

Kwanza nikuonyeshe vile tunakaa. Ninauzia chai kwa kivuli ya ukuta wa mawe ya volkano. Ubao wa kukalia umepata kung'aa sababu ya suruali za watu. Kule mwisho, karibu na moshi, anakaa Kambere. Tunamwita Mashini, juu hatembei bila ordinatere yake, kompyuta ya kukunja, kwa mugongo. Anapiga video za dote, sherehe za kutoa mahari, na za ndoa. Pembeni yake, Buhendwa. Yeye tunamwita Diskuru, hotuba. Kwa dote zote za katiere, mtaa wote, njo yeye msemaji wa familia, na akishika mikro, mbuzi wa dote wanazeeka. Charline ni Antene: anauza unite za kupigia simu, habari anagawa bure.

Halafu kuko Muzee Harelimana, mutu wa Rutshuru. Huyo ni Silansi, kimya. Anakuja na karedio kake ka kuweka karte memwari, kadi ndogo ya kutunzia nyimbo, amekatundika kwa kifungo ya koti. Anakunywa chai, anakohoa, machozi yanatoka, anapanguza, anavaa kofia, anaenda. Juu ya kile kikohozi, kikombe chake ninakitengeneza pekee: ninaponda tangawizi kwa jiwe, ninamutilia kupita wengine. Ni huruma tu.

Asubuhi ile Charline alifika na habari ya mtaa wa Birere.

"Mumesikia? Kuko mutu kule, mashini yake ilijaa kabisa. Akachomeka karte memwari kwa ubavu, ile ndogo ya simu. Sasa iko na plasi ya kuweka vitu sawa depo ya saruji. Hakufuta hata foto moya."

"Karte sawa ukucha?" Buhendwa akauliza. "Na hiyo depo inapita wapi?"

"Papa Diskuru, maneno yako yote inapitaka kwa kinywa moya, hakuna mutu alikuuliza inapita wapi."

Tukacheka. Kambere hakucheka. Alikuwa ameweka mashini kwa magoti, na kamera juu ya mashini, anaviangalia sawa watoto wenye kugonjwa.

"Uko na nini?" nikamuuliza.

"Koko," akaniita, vile vijana wanaitaka nyanya, "siku ya posho, Jumamosi, nilipiga dote ya Émérance. Kamera si yangu. Mwenyewe anakuja kuichukua midi, saa sita, na akifika kwake anafuta yote, anapiga yake. Niko namimina video ndani ya mashini, mashini inasema plasi imeisha. Na mukaka wa Émérance, nyanya yake, iko Butembo, hakuweza kufika sababu ya barabara mbaya. Kila asubuhi ananipigia simu: mujukuu wangu alivaa nini? Kamera ikienda na ile dote, nitamujibu nini? Nitamuchorea?"

"Si ufute vya zamani," Buhendwa akasema. "Mutu anafagia nyumba."

Kambere akafungua mashini, tukainama wote. Ndani mulikuwa jubile ya padri. Mulikuwa mbuzi ya Papa Moïse inakimbia na shela ya bibi-arusi kwa pembe.

"Hiyo mbuzi haiguswi," Charline akasema. "Nikiwa na huzuni ninaombaka kuiona."

"Na video hii nene hapa, inajaza chumba yote?" nikauliza.

Kambere akapunguza sauti. "Ni diskuru ya Papa Buhendwa, kwa dote ya Bénie."

"Yote?"

"Sehemu ya kwanza."

Macho yote yakamgeukia Buhendwa. Akafunga kifungo ya koti.

"Mule niliongelea mizizi ya familia."

"Ulifika mpaka kwa mizizi ya muhogo," Charline akasema. "Bénie amezaa, mutoto anatembea, na wewe mule ndani haujafika kwa mbuzi."

"Diskuru ya mutu haifutwi sawa vumbi. Siku moya watoto wataomba kuisikia."

"Watoto gani?"

Akafikiri. "Bado kuzaliwa."

Alipoona kidole cha Kambere kimeanza kuisogelea ile diskuru aifute, akageuka upande mwingine mara moya. "Kumbe habari ya Antene ni ya maana sana. Karte! Tutafute karte. Kijana asifute kitu, apanue nyumba."

"Karte yangu imejaa filme," Charline akasema.

"Simu yangu ni ya toroshi tu, haiwekewi karte," Buhendwa akasema.

Halafu, polepole, kila mutu akaangalia karedio kwa kifungo ya Muzee Harelimana, aliyekuwa anakunywa chai yake pembeni. Binti yake Uwingabire alimutumia karte kubwa, katiere nzima inajua, juu Charline anajua.

Muzee akafunika redio na mukono.

"Hapana."

Neno lake la kwanza tangu msimu wa mvua uanze.

"Muzee, ni kuazima tu," Kambere akamubembeleza. "Mashini haina meno."

"Itasoma?"

"Isome nini? Si nyimbo za misa? Tunazijua zote, unatuimbishaka na redio kila siku."

Muzee akakohoa, akapanguza macho. Hapo simu ya Kambere ikalia. Ilikuwa Butembo. Akaweka sauti kubwa ili tuone vile anateseka.

"Kambere, mutoto wangu," sauti ya mukaka ikasema. "Alivaa bulu ao kijani? Uniambie hata rangi tu."

"Utaona mwenyewe, mukaka. Subiri kidogo."

"Niko nasubiri. Siendi fasi, siendi popote. Magoti inakataa."

Muzee Harelimana alisikia yote. Akatundua redio, akachokoa karte na ukucha, akaiweka kwa kiganja cha Kambere sawa mutu anatoa jino.

"Usifungue vya ndani."

"Sifungui, Muzee."

Kambere akaitia ndani ya kaplastiki kake ka kuvalisha karte ndogo, akachomeka kwa ubavu wa mashini. Mashini ikasema ting. Kweli, pale kwa kioo, pembeni ya chumba kilichojaa, kikatokea chumba kingine. Charline akainyanyua mashini na mikono miwili, aone kama uzito umeongezeka.

"Iko vilevile. Sayansi ni ya ajabu."

"Irudishe chini, utamwaga dote," Buhendwa akasema.

Kambere akaanza kumimina dote, na kamustari ka kijani ka kuonyesha inavyoingia kakaanza kutambaa. Kakasimama.

"Inakosa kidogo," Kambere akasema. "Muzee, humu kuko vitu, si nyimbo. Inaandikwa: sauti, redio ilirekodi. Nyingi, na ndefu. Ulikuwa unasahau kuzima? Hivi vikitoka, dote inaingia yote. Vikibaki, itakatika kabla ya keki."

"Usiguse."

"Njo vile," Buhendwa akasema. "Usifute diskuru ya mutu bila kuisikiliza." Na kidole chake, kisichoweza kuvumilia diskuru ilale kimya, kikabonyeza.

Sauti ikatoka: "Mama Kanyere. Habari ya asubuhi. Niko na neno moya kwa roho. Tangu zamani ninashindwa..." Pumzi ndefu. Kisha majogoo, na mutu anapita na chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo.

Kanyere ni mimi.

Buhendwa akabonyeza ingine: "Mama Kanyere. Wewe ni mutu mwema, njo maana naogopa..." Pumzi ndefu. Na ingine: "Kanyere..." Halafu majogoo tu, mpaka mwisho.

Charline akatoa simu, atafute mutu wa kumwambia kwanza. Mimi nilikuwa na birika kwa mukono, nikasikia chai inanimwagikia kwa kiatu. Niko mujane, mutu wa Butembo, niko na wajukuu wenye ndevu. Nikatengeneza kitambaa kwa kichwa, kwa sababu ya upepo.

Buhendwa akasimama. "Familia ya Rutshuru, familia ya Butembo, kabla hatujaongelea mbuzi..."

"Kaa chini," Charline akasema. "Mbuzi inaongelewa kwanza. Tunakujua."

Kambere akashika kichwa. "Dote ingine? Na plasi nitatoa wapi?"

Muzee akaangalia kamera, halafu kamustari. Jua lilikuwa limefika kwa ubao, midi iko karibu. Mimi sikujua mikono niiweke wapi, basi nikamimina chai yake. Nikaponda tangawizi mupya, nikaitia yote, juu mutu wa kusema maneno kama yale anaomba kifua cha nguvu. Akakipokea kikombe. Akakiangalia.

"Kambere," akasema. "Futa."

"Zote, Muzee?"

"Mama ya Butembo aone mujukuu wake. Mimi nitasema na kinywa."

Kambere akafuta. Kamustari kakatambaa tena, kakafika mwisho, na dote ya Émérance ikaingia yote ndani ya karte, pamoja na keki. Akajaribu mwisho wake: Émérance anacheka, amevaa kijani. Akapiga simu Butembo kusema rangi, tukasikia mukaka anapiga vigelegele peke yake kule ndani ya simu.

Halafu tukarudi wote kwa Muzee. Hata muteja wa Charline, aliyekuwa anaomba unite njiani, akapewa ishara asubiri. Muzee akasimama, akatoa kofia, akaiweka kwa kifua. Kikombe kilikuwa kwa mukono mwingine, hajakigusa.

"Mama Kanyere."

"Karibu, Muzee," nikasema, na sauti ambayo nilidhani niliizika na marehemu.

"Nyumbani kwangu sikohoaka. Kanisani sikohoaka. Ninakohoaka hapa tu." Akavuta pumzi. "Ni tangawizi. Ninaomba chai isiyo na tangawizi."