Presha Yangu Imeshuka, Nimekwisha

Jumatatu, 3 Machi

Habari mbaya. Presha imeshuka.

Mwezi uliopita nesi alinipima akakuta mia moja sabini na nane kwa mia moja na nne. Uso ukambadilika, akampigia binti yangu palepale. Tangu hapo binti ananipigia kila jioni kutoka huko mbali anakofanya kazi. Nimekula nini, nimelala vipi. Zamani alikuwa akipiga sikukuu tu.

Leo: mia moja thelathini na sita kwa themanini na nne. Nesi kanipongeza. Dawa zimekubali, nisiache hata nikijisikia mzima, maana presha haipigi hodi. Nikamwomba asimwambie binti. Kumbe ameshamtumia ujumbe.

Jioni binti alifurahi mno. Akasema sasa roho yake imetulia, atakuwa anapiga Jumapili. Nikamwambia vizuri, mama. Nikakaa na simu mkononi mpaka chai ikapoa.

Jumatano, 5 Machi

Simu kimya. Cherehani kimya. Siku hizi watu wananunua nguo zilizoshonwa tayari. Kwangu wanaleta zipu tu.

Jirani yangu, dereva mstaafu tunayemwita Bosi, presha yake haishuki, na anajivuna kama amepandishwa cheo. Watoto wake wanapishana mlangoni na mifuko ya matunda. Nikamdadisi. Akasema vidonge anakunywa kichwa kikimuuma tu, na chumvi anajiongezea mezani. Mjanja huyu!

Mpango: vidonge likizo. Chumvi nimeitoa nyuma ya unga, pale marehemu mke wangu alipokuwa akinifichia. Nimekula mayai ya chumvi huku machozi yananitoka. Chumvi juu ya chumvi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda zahanati bila miadi. Nimepanda ngazi mbio, nikashuka, nikapanda tena. Nikaingia nahema, mkono wa shati nimeshaukunja. Nesi akanitazama kama mama mkwe. Akaniamuru nikae, miguu sakafuni, nisipige soga, nipumzike kwanza. Kisha akanifunga ule mkanda mkononi.

Nimewazungushia watu futi viunoni maisha yangu yote. Mimi hanigusi mtu isipokuwa nesi. Nikatulia tuli, bahati mbaya. Mia moja na arobaini. Akasema si mbaya, akauliza kama nakunywa dawa. Nikasema ndiyo.

Hata kuugua nimeshindwa.

Jumatatu, 10 Machi

Jana binti alipiga, akakata upesi, alikuwa na wageni.

Leo asubuhi Bosi ameanguka akifungua geti. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki. Nimemshikilia mpaka gari likaja. Alijaribu kuniambia kitu, maneno hayakutoka. Daktari amesema ni kiharusi, presha ilikaa juu muda mrefu bila dawa ya kueleweka.

Nimeogopa. Nimemeza kidonge changu, chumvi nimeisukuma nyuma ya unga.

Jumatano, 12 Machi

Hospitali. Watoto wote wa Bosi wamezunguka kitanda, hata yule wa ng'ambo. Mmoja anamfuta mdomo, mwingine anamkanda mkono. Bosi analia. Nimesimama mlangoni na machungwa yangu, nikamwonea wivu. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Jioni nikampigia binti mwenyewe. Nikamweleza yote, na chumvi pia. Akalia. Akasema siku zote alikuwa anadhani simu zake zinanisumbua kazini. Nikamwambia kazi gani, zipu? Anakuja Ijumaa. Ameniapisha nisiruke kidonge hata kimoja, na ananunua kifaa cha kunipimia nyumbani.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefagia. Nimemtandikia kitanda. Nimeshona pazia jipya kwa dirisha lake, pindo mbili. Dawa nimekunywa, kiapo ni kiapo.

Anaingia jioni, anaondoka Jumapili. Nimelifikiria hilo tangu asubuhi. Atanipima kesho. Kifaa kikionyesha vizuri, atanibusu, atafunga begi. Kikionyesha vibaya kidogo, kidogo tu, ataondokaje?

Sikuapa chochote kuhusu chumvi. Iko mezani.