Malkia na Kabureta Zake Mbili

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Siku njema! Nimebandika sponji nene ndani ya kifuniko cha injini ya Malkia, kisigonge kinapofungwa. Gari la michezo la zamani, injini nyuma, halijui maji, linapozwa na upepo tu! Linastahili kufungwa taratibu. Marehemu mjomba aliniachia akanisihi nilitunze kama yai. Nikawasha. Kifuniko kikashuka kimya kabisa. Ghafla Malkia akapiga ukelele, injini ikapandisha kasi yenyewe, wala sijagusa pedali. Ni zile kabureta mbili zinazochanganya petroli na hewa, bila shaka.

Jumanne, tarehe 5
Mke wangu ametoa tamko. Jumamosi mama yake anakwenda kumwona dada yake, mji wa pili. Malkia ampeleke na kumrudisha bila vituko, la sivyo gari linachukuliwa na Shemeji, kaka wa mke wangu. Nimeuliza kama anatania. Hatanii. Shemeji, huku akinywa chai yangu, amesema atamng'oa injini amtie ya kisasa. Chai ikanipalia. Yeye akaongeza sukari.

Jumatano, tarehe 6
Siku nzima nyuma ya Malkia, kifuniko wazi. Ncha moja ya mrija wa mpira kwenye mdomo wa kabureta, nyingine sikioni. Unasikiliza pumzi ya kulia, unasikiliza ya kushoto, unageuza skrubu robo mzunguko. Hatimaye zikapumua pamoja. Nikafumba macho. Nikaona barabara ndefu isiyo na matuta, jua la jioni, upepo, na Shemeji kule nyuma kabisa akisukuma gari lake. Mke wangu ndiye aliyeniamsha. Nina duara la grisi sikioni.

Nikafunga kifuniko. Ukelele! Nikafungua. Akatulia. Sasa nimeelewa: Malkia anaogopa giza.

Alhamisi, tarehe 7
Nimehamia kwenye vile vyuma vyembamba vinavyopokea amri ya pedali na kuzifungua kabureta zote mbili. Kimoja kikimtangulia mwenzake, kazi bure. Nimevipima kwa uzi wa kushonea wa mke wangu (hajui). Sasa vinakwenda sambamba, raha tupu kuvitazama. Nimevitazama mpaka chakula cha mchana kikapoa.

Kifuniko wazi: anaimba. Kikifungwa: ukelele. Shemeji amepita, akachungulia, akasema huenda kuna kitu kinavikandamiza vile vyuma kwa juu. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Mtu huyuhuyu aliwahi kuniuliza maji ya rejeta yanatiwa wapi!

Ijumaa, tarehe 8
Sijala. Nimekaa kwenye kiti cha dereva, mikono kwenye usukani. Mjomba alikuwa akinipakata hapahapa. Mafuta hayakuwepo, basi yeye akinguruma kwa mdomo na mimi nikikata kona. Tulifika mbali sana, mimi na mjomba. Wakimchukua Malkia, sijui nitakwenda wapi tena. Nimelia kidogo, sifichi.

Kisha nikashuka nikageuza skrubu ya kulia. Robo tu. Moyo ukaniambia ndiyo yenyewe.

Jumamosi, tarehe 9
Mama mkwe kaketi, kalalamika mgongo. Eti kiti kigumu mno. Mke wangu akazunguka nyuma, nikasikia kitu kikibanduka, akarudi na sponji yangu, akamwekea mama yake mgongoni! Damu ilinichemka. Lakini mbele ya mama mkwe mtu unameza. Nikawasha, nikafunga kifuniko kwa kishindo.

Utulivu! Malkia akanguruma kwa upole, mtoto angeweza kulala. Tukaenda, tukarudi. Miti ilipita, vilima vilipita, na sikutaka kufika. Mama mkwe alikoroma njia nzima. Mke wangu, aliyejikunja kiti cha nyuma, akaniwekea mkono begani, akauacha hapo.

Shemeji alikuwa getini na kamba ya kuvutia gari. Nilimpungia mkono. Robo ile ya jana! Nilijua mimi.

Jumapili, tarehe 10
Mama mkwe amerudisha sponji. Kaifua kabisa, na asante nyingi. Nimeibandika tena mahali pake, na juu yake nimeongeza ya pili, maana Malkia anastahili zawadi. Nikawasha. Nikafunga kifuniko taratibu.

Ukelele mpaka majirani wametoka nje! Mke wangu yuko dirishani, ananyoosha kidole kwenye kifuniko, anasema kitu, lakini kwa kelele hizi simsikii. Nimemwashiria asiwe na wasiwasi. Ya kulia nilishaimaliza, basi ni ya kushoto. Bisibisi ninayo.