Mbu Arobaini na Watatu, na Watu Mia Mbili Nyuma Yangu

Leo nimeaibika mbele ya watu wanaotosha kujaza uwanja wa mpira. Sitii chumvi. Uwanja ulijaa kweli, na mimi ndiye niliyewapeleka.

Nawaandikia nyie tuliosoma pamoja Voi kwa sababu kuna video, na najua kufikia kesho itakuwa imevuka mpaka wa Horohoro bila pasipoti. Heri mnisikie mimi kwanza.

Kwa aliyepitwa: niko Dar es Salaam, Temeke, wiki ya tatu sasa. Ndiyo, nimehama tena. (Kisumu, Kampala, Juba, sasa huku. Mama ameacha kuniuliza naishi wapi, siku hizi anauliza nimelala wapi.) Nimepata kazi kwenye mradi wa utafiti wa mbu. Msianze kuniita daktari. Cheti changu ni kile kile cha kidato cha nne, na alama zake mnazijua. Lakini nilikamata mbu Kisumu miaka sita, na mtu aliyekamata mbu Kisumu anaheshimika popote duniani.

Na mji huu naupenda, jamani! Asubuhi mtaa mzima unanukia vitumbua. Jioni taarabu inapigwa nyumba hii na singeli nyumba ile, na hakuna anayemwambia mwenzake apunguze. Nimepanga chumba chenye dirisha linalotazama mpapai. Nikiutazama nakumbuka nyumbani, nalia kidogo, kisha nakula chapati na maharage, napona.

Kazi yenyewe iko hivi. Jioni natega mitego kwenye vyumba vya watu. Mtego ni taa ndogo, feni ndogo na mfuko wa chandarua. Alfajiri narudi kuwachukua walionasa, nawahamishia kwenye vikombe vya karatasi vilivyofunikwa chandarua, navipanga ndani ya boksi, nawapeleka maabara. Wakiwa hai! Hilo ndilo kubwa. Tunawajaribia dawa, na huwezi kumjaribia dawa mbu ambaye ameshakufa kwa shughuli zake mwenyewe. Kwa hiyo unatembea taratibu, kama umebeba trei ya mayai ya watu.

Shida ni milango. Nyumba nilizopangiwa ni kumi, zilizonifungulia ni nne. Uvumi umeenea kwamba kuna Mkenya anakusanya damu. Mtu pekee wa kuuzima uvumi huo ni mwenyekiti wa mtaa, Mzee Kibwana, nami nilimfuata mara tatu. Mara ya tatu alinijibu bila kuinua macho kwenye kikombe chake cha kahawa.

"Mwanangu, watu hawakujui. Siwezi kukuingiza vyumbani mwao."

"Basi tuanze na kwako, mzee."

"Kwangu hakuna mbu. Nenda kwa wenye mbu."

Ijumaa bosi wangu, Dokta Neema, akaniita. (Nimemzidi miaka kumi na miwili na ananiita dada, lakini akikunja uso mdogo ni mie.) Akasema: "Dada Mkawasi, Jumapili nataka mbu arobaini hai kabla ya saa tatu asubuhi. Na nyumba ya tano. Ikishindikana, Jumatatu mradi unahamia Kibamba, na kule tutachukua watu wa Kibamba."

Nilielewa. Mtu wa Voi si mtu wa Kibamba. Ningefungasha tena, na safari hii sikutaka kufungasha.

Sasa leo.

Saa kumi na mbili na nusu natoka nyumba ya nne, kwa Mama Zuhura. Nimehesabu mara mbili. Arobaini na watatu! Wote hai, wanene, wamependeza. Nusura niwabusu. Nikasimama kwenye kona ya duka la dawa kupumua kidogo. Boksi kifuani. Dera nimelifunga kibwebwe. Tochi ya kichwani bado inawaka, na jua limeshatoka (nilisahau). Nikaanza kuimba wimbo wetu wa shule kwa sauti ndogo.

Ndipo nikasikia filimbi.

Kisha kishindo. Kisha umati ukakata kona. Watu kama mia mbili, wamejaza barabara ukingo hadi ukingo, wanakuja mbio huku wanaimba, jasho linawatoka, na mbele yao jibaba moja limeshika bendera. Na wote wananitazama mimi!

Wenzangu, nimeishi miji ambayo ukiona umati unakimbia husimami kuuliza unakwenda wapi. Unatangulia. Maswali utauliza ukiwa hai.

Nikatangulia.

Yule wa bendera akapuliza filimbi, akapaza sauti: "Mfuateni mama! Mfuateni mama!"

Mungu wangu! Nimekula cha nani?

Nikakata kushoto. Wakakata kushoto. Nikakata kulia. Wakakata kulia. Nikapita uani kwa watu, katikati ya kamba mbili za nguo, na nyuma yangu nikawasikia wakimwomba radhi mwenye nguo, mmoja baada ya mwingine. (Hapo nilipaswa kushtuka. Umati wenye nia mbaya hauombi radhi. Lakini akili yangu ilikuwa imebaki kule dukani.)

Na mbu je? Sikuwasahau! Hata katika hofu ile, miaka sita ya Kisumu ilinishika mkono. Usitikise boksi, Mkawasi. Kwa hiyo nilikimbia nimekunja magoti, makalio nje, kifua kimetulia tuli, miguu ikifanya kazi peke yake kule chini. Bata anayekimbia mvua na hataki mtu ajue. Tukapita mbele ya kanisa, waumini waliokuwa wanaingia wakasimama mlangoni na Biblia zao. Nikageuza shingo kutazama nyuma.

Watu mia mbili wamekunja magoti. Makalio nje. Mikono kifuani, wamekumbatia boksi ambalo halipo.

Wote!

Nikasema basi, hawa si wezi, hawa ni wachawi. Nikaongeza mwendo.

Geti moja tu nilikuwa nalijua upande ule, la Mzee Kibwana. Nikaingia bila hodi. (Mimi nasema nilipiga hodi. Mkewe anasema nilipiga nikiwa tayari nipo sebuleni.) Nikapita na raba zangu za matope juu ya mkeka safi, nikazama chini ya meza ya chakula, boksi mbele, mie nyuma. Meza ni ndogo. Mie si mdogo. Nusu yangu ilibaki nje.

Kisha zikaja raba mbili nyeupe, mpya kabisa, zikasimama karibu na pua yangu. Juu yake suruali ya trakisuti ya kijani. Juu zaidi, mwenyekiti wa mtaa.

"Shikamoo mzee," nikasema kutoka kule chini.

"Marahaba. Wewe si yule wa mbu?"

"Ndiye. Mzee, funga mlango, wananiua!"

"Nani?"

"Wale!"

Akatoka. Nikasikia sauti ya yule wa bendera, imejaa adabu:

"Shikamoo mwenyekiti. Sie wageni wenu, jogingi kutoka Mbagala. Tunamsubiri kiongozi wetu. Kaingia humo ndani, nadhani kabanwa."

"Kiongozi gani?"

"Yule mama mwenye tochi. Tuliambiwa mwenyeji atasimama kona ya duka la dawa, atupeleke uwanjani kwenye bonanza. Ana mbio huyo mama! Ila njia yake ndefu kidogo. Na ile staili ya magoti tumeipenda, tunaondoka nayo."

Jamani. Kumbe huku Jumapili asubuhi watu wana vikundi vya mazoezi, wanakimbia mtaani wakiimba, wanatembeleana mtaa kwa mtaa, kisha wanakutana uwanjani. Jumapili zangu mbili za kwanza nililala. Na ile trakisuti? Mzee Kibwana ndiye alikuwa mgeni rasmi. Nimemkuta anavaa.

Alirudi ndani akiwa amebana midomo. Mkewe, Bi Mwajuma, alitoka jikoni na mwiko mkononi, akatazama ile nusu yangu ya nje, akakaa sakafuni kucheka vizuri. Dirishani zikajaa nyuso. "Mama, toka, tumekukosea nini?" Yule wa bendera alicheka mpaka akampa mwenzake bendera amshikie.

Nami nikacheka. Nikajirudisha kinyumenyume, nikavuta boksi, nikalifungua.

Kikombe kimoja kilikuwa kimefyatuka chandarua. Kitupu. Humo walikuwa wanane.

Thelathini na watano.

Sikusikia tena kicheko cha mtu. Akilini niliona begi langu lile la kahawia, lenye zipu mbovu, nililolitoa Ijumaa, limekaa juu ya kitanda likinisubiri. "Kibamba," nikasema kwa sauti.

"Kibamba kuna nini?" Mzee Kibwana akauliza.

Nikamweleza palepale sakafuni. Arobaini. Saa tatu. Nyumba ya tano. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu.

"Hao wanane wamepotelea humu ndani kwangu?"

"Humu humu, mzee."

"Basi watoe. Nyumba hii haina mbu, na sitaki ianze leo."

Nikatoa mrija wangu. Mbu hukamatwa hivi: unamsogezea mrija, unavuta pumzi kwa mdomo, anaingia. (Kuna chandarua katikati, hummezi. Kwa kawaida.) Wale wageni walikuwa wamejaa mlangoni na madirishani, na kazi ikageuka fainali ya kombe.

"Yule juu ya kalenda!"

"Pazia, mama, pazia!"

"Usitikisike mzee, yuko kwenye kofia yako!"

Kila nikimvuta mmoja, filimbi inalia na watu wanaruka. Mmoja. Wawili. Watano. Nikamkuta mmoja nyuma ya jagi la maji, saba! Wa nane alikuwa kwenye kanga ya Bi Mwajuma. Walishangilia mpaka kuku wakakimbia uani. Arobaini na watatu wangu wametimia! Nikainua mikono kama bondia.

"Bado yule pale," mtu akasema.

Tisa.

"Na yule."

Kumi.

"Chini ya kiti cha mzee."

Kumi na mmoja.

Niliachia wanane. Kila mtu pale anajua kuhesabu. Nyuso zote zikamgeukia mwenyekiti, na mwenyekiti akawa anakagua dari.

"Baba Hamisi," mkewe akasema polepole, "si nilikwambia usiku kuna kitu kinaniuma? Ukasema joto."

Mzee akakohoa. "Hao watatu kaja nao yeye. Hakuhesabu vizuri."

"Ndiyo mzee, nilikosea kuhesabu," nikajibu haraka. (Arobaini na sita hai! Angesema yeye ndiye aliyenizaa ningekubali.)

Akasogea karibu, akashusha sauti. "Lakini jioni lete huo mtego wako. Tuhakikishe tu."

Nyumba ya tano!

Nilitaka kukimbilia maabara, akaniambia uwanja uko njiani na wageni siwezi kuwaacha nilipowafikisha. Basi nikawaongoza, boksi kifuani, magoti yamekunjwa, mgeni rasmi pembeni yangu naye kakunja ya kwake, mia mbili nyuma. Uwanjani mtaa mzima ulikuwa unatusubiri, pamoja na mwenyeji halisi, ambaye alikuwa amesimama alfajiri yote kwenye duka jingine la dawa.

Mzee Kibwana akashika maiki. Nilidhani atasoma hotuba. Akasimulia. Akasimulia kamba za nguo, mkeka, meza. Akauliza umati: "Mnajua ni nusu ipi iliyobaki nje?" Akaonyesha. Mwenyekiti wa mtaa, mtu mzima mwenye wajukuu, akaonyesha! Kila mtu alikuwa ameinua simu. Mwisho akasema: "Huyu ni Dada Mkawasi, anafanya kazi ya mbu. Damu yenu haitaki. Mwenye moyo mdogo hivi atamnyonya nani?"

(Lebo ya dukani ilikuwa bado inaning'inia mgongoni mwa trakisuti yake. Sikumwambia. Nami nina roho ya kulipiza.)

Kabla sijatoka uwanjani, kina mama wakanizunguka. "Mama Mbu, kesho uje kwangu." "Na kwangu, lakini uje peke yako!" Nina nyumba kumi na mbili sasa. Nilizopangiwa ni kumi.

Maabara nimefika saa tatu kasoro dakika kumi. Dokta Neema alikuwa mlangoni, simu mkononi ikicheza video, anajitahidi kukunja uso na uso unagoma.

"Wangapi?"

"Arobaini na sita."

"Hai?"

"Hai."

"Dada Mkawasi..." akasema. Akakunja magoti, akakumbatia boksi lisilokuwepo, akaondoka nalo ukumbini mbio, koti jeupe likipepea nyuma.

Mbagala wamenitumia ujumbe. Wananishonea fulana, mgongoni imeandikwa MAMA MBU, na Jumapili ijayo nimepangwa mbele. Begi la kahawia nimelirudisha chini ya kitanda.

Sasa nisisikie mtu anacheka humu. Mwenye kucheka aje kwanza Temeke, akimbizwe na watu mia mbili akiwa na mbu arobaini na watatu, asiue hata mmoja. Kisha tuongee.