Mgeni wa Kilo Sitini na Moja

Jumatatu, 14 Julai

Ukungu mpaka saa tatu. Ghala letu la mahindi hapa Malaba halionekani kutoka barabarani. Ajambo mgongoni: miezi saba, meno mawili yanakuja, usingizi hakuna. Bosi Etyang katangaza: kati yangu na mpimaji mwenzangu Truphena, Ijumaa mmoja anahamia kituo cha Merikit. Kule mnapima mahindi uwanjani, vumbi na jua, na watoto hawaruhusiwi. Mimi siachi mtoto wangu. Kwa hiyo anayeondoka ni Truphena. Hajui bado.

Halafu lile jambo. Mizani tupu, nimeifagia mwenyewe. Ubao wa taa ulioko nje, unaoonyesha kilo, ukaandika 61.5. Wakulima wote wakarudi nyuma hatua moja. Mmoja akasema mzee Engole, mpimaji wetu tuliyemzika Februari, amefika kazini. Nikamwambia aache upuuzi, Engole alikuwa na kilo tisini! Mama mmoja akajibu polepole, bila kuinua macho, kwamba hizo zilikuwa kabla hajaugua.

Dakika kumi, ndipo ikarudi sifuri.

Jumanne, 15 Julai

Nimeamua. Si Engole, ni Truphena. Alisomea kompyuta wiki mbili Busia, upande wa Kenya, akarudi anatuita wasee, kama vijana wa mjini. Hesabu za mizani zinapitia kisanduku chenye antena, nacho kinazirusha ubaoni na ofisini. Mwenye kompyuta anaweza kutuma uongo. Anataka nionekane mjinga. Sawa!

Kijitabu cha kisanduku kinasema kuna kichujio: unaandika namba ya mashine, inafungiwa mlango. Alipokwenda kununua chapati, nikanakili namba iliyobandikwa chini ya kompyuta yake. Nikaingia kwa simu, nikaandika, nikabonyeza hifadhi. Ushindi!

Simu yangu ikatupwa nje ya mtandao. Ofisi ikatupwa nje. Kumbe kichujio kina njia mbili: zuia walioandikwa, au ruhusu walioandikwa peke yao. Nilichagua ya pili. Ajambo alikuwa ananivuta sikio. Ghala zima limefungiwa isipokuwa Truphena! Etyang akamsifu mbele ya wakulima, eti ndiye pekee mwenye mashine timamu. Truphena akarekebisha kwa dakika mbili, akaniambia pole dada, hii kitu haibonyezwi ovyo kama redio.

Alikuwa bado anacheka, kompyuta imefungwa, iko kwapani, ubao ulipowaka: 61.5. Akaacha kucheka.

Jumatano, 16 Julai

Basi si Truphena. Inabaki kebo, ile nene inayotoka kwenye mizani kuingia kisandukuni. Mafundi wanaiita siriali. Lazima pande zote mbili ziongee kwa kasi moja. Nikabadilisha kasi upande wa kisanduku. Anayeongea, aongee asieleweke!

Ubao ukatapika mistari, nukta, vipande vya herufi, kama mtu anayesema mdomo umejaa udongo. Nikarudisha haraka.

61.5. Halafu 61.4. 61.5. 61.4. Juu, chini, taratibu. Kama mtu anayepumua.

Ilipotulia kwenye sifuri nikataka kuhakikisha mizani ni nzima. Kadi ya kliniki inasema Ajambo ana 7.8. Nikamkalisha juu. Ubao: 69.3. Nikatoa hesabu, nikarudia. 7.8 ni za mwanangu. 61.5 za nani?

Nikamnyakua. Hakuwa analia. Alikuwa ametulia tuli, kama aliyepakatwa.

Nikachomoa kebo. Ubao ukaendelea kupumua.

Alhamisi, 17 Julai

Mama mkwe kapiga simu kutoka kijijini Sop Sop. Nikamweleza yote. Akaniuliza kama nimesahau Ajambo alivyolia siku tatu alipozaliwa, wazee wakataja majina ya wafu wetu moja moja mpaka walipofika kwa Ajambo, bibi yao, mtoto akanyamaza na kunyonya. Kinachosumbua hakijapewa jina, akasema, hata hicho kibati chenu. Nikamwambia mama, hicho ni chuma. Akasema hata mimi kichwa changu ni chuma na bado alinipa mwanawe.

Nikarudisha kebo, nikafungua kijitabu. Kisanduku kina nafasi ya jina kweli! Paliandikwa Kituo 1. Nikaanza na wafu wengine wa hapa: Opio. Ubao ukapumua. Okedi. Ukapumua. Nikaandika Engole.

Sifuri! Papo hapo.

Ajambo kalala saa tatu mfululizo, mara ya kwanza mwezi huu. Nimelia kidogo. Kesho Etyang ataona nani mtaalamu.

Ijumaa, 18 Julai

Etyang kafungua kompyuta asubuhi, ikamwandikia: ENGOLE, yuko hewani. Chai yote kwenye shati. Mazishini kwa Engole hakufika, alituma udhuru. Akaamua hapo hapo: kisanduku kiende Merikit kabla ya saa sita, na aliyekibatiza aende nacho. Truphena akanipungia mikono yote miwili.

Nikamwambia Etyang kwa heshima: bosi, mtoto anakwenda mgongoni kwangu, la sivyo kisanduku kinabaki mezani kwako. Akamtazama Ajambo, akaitazama kompyuta. Akasema nichukue hata wawili.

Sasa niko Merikit. Upepo, magunia, vumbi machoni. Ajambo yuko nami. Nimeshinda. Lakini Truphena amekaa kivulini!

Kijitabu, ukurasa wa arobaini: hesabu za mizani zinaweza kutumwa kwenye ubao wowote ulio mbali. Nikaandika namba ya ubao wa Malaba. Mgeni amrudie Truphena! Hifadhi. Nikampigia simu. Akasema ubao wake ni sifuri, kwani nina shida gani? Na wangu pia sifuri. Ndipo nikasoma mstari wa chini, wa herufi ndogo: hesabu zisipopokelewa, kisanduku kitazitafutia njia nyingine chenyewe.

Vizuri, kitafute. Ajambo amesinzia. Ngoja nijaribu namba ya kompyuta ya Etyang, mgeni akanywe naye chai.